Gitaa Alilonichagulia Mpiga Solo

Gitaa langu la kwanza la umeme lilivunjika shingo mchana kweupe, kwenye baa moja ya Ilala tunakofanyia mazoezi. Mpiga tumba alilikalia. Nilikuwa nimelilaza kwenye kochi la wateja, nikaenda kaunta kuomba maji, na niliporudi nikamkuta ameinuka, kajishika nyuma, anakagua kama suruali yake imechanika. Haikuchanika. Aliporidhika na hilo ndipo akaniambia pole.

Sikulia. Lilikuwa gitaa la mtumba kutoka Japani. Mama yangu anauza viatu soko la Mchikichini, na jirani yake wa kibanda alilipata gitaa hilo katikati ya baiskeli na sufuria, asijue la kulifanyia. Mimi nilikuwa nimetoka kwaya ya kanisani, nimezoea gitaa la tumbo lisilo la umeme, nikalichukua. Lilikuwa na sauti ya bati na nyuzi zilizokaa mbali na shingo kiasi kwamba ukimaliza wimbo vidole vina mifereji. Lakini lilisikika. Wakati huo sikujua kwamba kusikika ni jambo la kugombewa.

Kwenye bendi ya dansi kuna gitaa la solo, linalopanda juu na kuimba. Kuna besi, inayotembea chini. Katikati yao kuna langu mimi, gitaa la kati, linalokatakata mapigo yaleyale mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mtu akicheza, kiuno chake kinanifuata mimi ila macho yake yako kwa mpiga solo. Sijawahi kulalamika. Macho ya walevi ya nini?

Basi kiongozi wetu wa bendi, mzee mmoja mpole anayepuliza tarumbeta, akasema bendi itaninunulia gitaa jipya. Nikamshukuru. Halafu akaongeza, "Utaenda Kariakoo na mpiga solo. Yeye ndiye anayeyajua haya mambo."

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mpiga solo wetu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa miwani nyeusi hata ndani ya baa yenye taa moja. Neno toni alilipenda kama mlafi anavyopenda neno pilau. Kwenye kundi letu la WhatsApp, badala ya kutujulisha atachelewa mazoezi, alituma sauti ndefu za kutufundisha kwamba toni iko kwenye mbao. Mbao nzito, toni nzito. Wiki iliyofuata toni ilikuwa imehamia kwenye vidole. Baadaye ikaenda kwenye sumaku zile zilizo chini ya nyuzi. Aliyatetea yote matatu kwa hasira ileile, na hakuna aliyempinga, maana hakuna aliyekuwa akisikiliza hadi mwisho. Na katika maneno yote hayo sikuwahi kumsikia akisema, jamani, jana mlisikia jinsi besi na tumba walivyoshikana? Yeye alisikiliza gitaa lake, basi.

Tukaenda. Duka lilikuwa ghorofa ya pili, katikati ya maduka ya mapazia na ya maua ya plastiki. Magitaa yalining'inia ukutani yanang'aa kama pipi. Muuzaji alinitazama, akamtazama mwenzangu, akamuuliza yeye, "Bosi, unamtafutia dada?" Kisha akanishushia gitaa dogo la rangi ya waridi.

"Hili linawafaa akina dada," akasema.

"Linawafaa kwa nini?" nikamuuliza.

"Rangi."

Nikamrudishia. Mpiga solo akacheka, akamwambia anishushie ya watu wazima. Nikakaa kwenye spika, nikaanza kuyajaribu moja moja, na yeye kasimama mbele yangu, mikono kifuani, kama daktari anayesikiliza kikohozi.

La kwanza lilikuwa jeusi, lina pembe mbili kali kama la mtu anayetaka kutisha watoto. Nyuzi zake zilikuwa chini kabisa, shingo nyembamba, vidole vinateleza vyenyewe. Kwa mkono lilikuwa tamu. Lakini sauti! Lilichoma na kuchacharika kama samaki anayekaangwa. Ukigusa uzi mmoja, sita zote zinajibu. Hilo ni gitaa la mtu asiyetaka nota ijulikane.

La pili lilikuwa na tumbo lenye uwazi ndani na matundu mawili juu, mfano wa fidla. Hilo lilikuwa na sauti nzuri kweli, sauti ya mtu mzima anayeongea bila haraka. Nikaanza kulipenda. Nilipoongeza sauti kidogo likaanza kuunguruma lenyewe bila kuguswa, na nilipoligeuzia spika likapiga ukelele hadi muuza mapazia akachungulia. Kwenye ukumbi lingetuaibisha.

La tatu lilikuwa jekundu la kahawia, nene, limepakwa vanishi hadi ungeweza kujiangalia na kujipaka wanja. Nilipolipokea mikono ilishuka. Shingo yake ilikuwa nene kama mchi. Lakini nilipolipiga, lilitoa sauti ya mviringo, nzito, imejaa. Ndani ya duka lile, peke yangu, bila tumba wala besi wala mtu anayeimba, lilikuwa zuri. Nasema ukweli. Lilikuwa zuri kama sofa lilivyo zuri dukani.

"Hilo!" mpiga solo akapiga makofi. "Umesikia hiyo nyama? Toni ina nyama hiyo. Chukua hilo."

"Zito, kaka."

"Utazoea, mdogo wangu. Wanawake si mnabeba ndoo?"

"Na shingo yake nene. Mkono wangu haufiki vizuri."

"Mkono utanyooka. Nisikilize mimi. Hili ndilo gitaa la kati. Kwako halina mpinzani."

Nilitaka kubisha, ila nilitaka gitaa zaidi, na bonanza letu la kila Jumapili pale baa lilikuwa linakuja. Likafungwa kwenye boksi. Tulipofika mtaani akanitania nilibebe mwenyewe ili nianze kuzoea. Akatangulia mbele, mikono mitupu, anasalimia watu wa Msimbazi kama diwani.

Wiki zilizofuata nilijifunza mambo mawili. La kwanza, bega. Mkanda ulinikata hadi nikaanza kuweka kitambaa cha flana chini yake, na mama akawa ananisugua kwa mafuta ya karafuu akilaani watu wa bendi, mmoja mmoja, kwa Kimakonde. La pili ni kwamba nilipotea. Sijui niseme vipi vingine. Tulipoanza wimbo nilijisikia. Besi ikiingia, nusu yangu ikazama. Tumba zikiingia, nikawa nimekwisha. Niliongeza sauti, ile nyama yake ikavimba ikawa uji, ikajaa palepale besi ilipokaa, mpiga besi akanigeukia na kunikunjia uso. Nikipunguza, sipo. Mkono wangu ulikuwa unafanya kazi ileile ya siku zote, mapigo yaleyale, na hakuna kilichotoka isipokuwa joto.

Mpiga solo, kwa upande wake, alikuwa anang'ara. Alipiga kwa kurefusha shingo na kufumba macho nyuma ya miwani. "Bendi imepata uwazi," akawa anasema. "Mnasikia uwazi huo?"

Tulipata kazi kwenye sherehe ya kipaimara, mchana, kwenye uwanja wa nyumba moja karibu na soko. Mama yangu akafunga kibanda akaja kutazama, maana hakuwa ameniona nikipiga muda mrefu. Alikaa mbele, kavaa gauni lake la kitenge, anatikisa kichwa. Tulipopumzika nikamfuata na sahani ya wali.

"Mwanangu," akaniuliza, "leo hukupiga?"

"Nimepiga, mama. Nyimbo zote."

"Mbona nilikuona unalishikashika tu? Nikadhani limeharibika, unaona haya kusema."

Nilisimama pale na ile sahani mkononi. Mama yangu hajui nota, hajui toni, na akiimba kanisani watu wa mbele hugeuka. Lakini ana masikio mawili, na siku ile mwanawe hakuwamo humo.

Nikamwendea mpiga solo, aliyekuwa akila paja la kuku chini ya turubai. "Kaka, gitaa hili halisikiki. Mama yangu amekaa hatua chache kutoka jukwaani, hajanisikia."

Akamaliza kutafuna kwanza. "Mdogo wangu, gitaa la kati zuri halisikiki. Linahisiwa."

"Mama hajahisi pia."

"Mama yako ni mtu wa viatu," akasema, akajifuta mdomo.

Nilikaa na neno hilo hadi usiku. Mtu wa viatu! Mama yangu akishika kiatu gizani anajua kama soli imegundishwa upya. Huyu bwana alikuwa ameshika magitaa maisha yake yote na bado toni yake ilikuwa inahama kila wiki.

Siku iliyofuata nikalibeba lile sofa jekundu hadi Mchafukoge. Kulikuwa na duka dogo la vyombo vya muziki chini ya ghorofa za makazi, la mama mmoja Mhindi, mtu mzima, ambaye kwaya yetu ilikuwa ikinunua kwake nyuzi. Juu ya kaunta aliweka picha ya mungu wake na shada la maua mabichi, na pembeni vinanda vya Kihindi vya kuvuta hewa kwa mkono, ngoma za tabla, na magitaa machache yaliyojaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyuzi?"

"Hapana mama, leo nataka gitaa. Naomba nijaribu."

"Kila mtu anaomba kujaribu. Mnapiga, mnapiga, mnaniumiza kichwa, halafu mnaenda Kariakoo." Hakutabasamu. Nilimpenda papo hapo. "Haya, jaribu. Usijaribu sana."

Niliangalia ukutani. Kwenye kona palikuwa na gitaa la manjano iliyopauka, bapa kama ubao wa kukatia mboga, halina pembe, halina mng'ao. Nikamuuliza habari zake.

"Hilo? Watu wawili wamenunua, wote wamerudisha. Wanasema linapiga kelele. Linalia kama mtoto wa jirani."

"Naomba hilo."

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeomba chai iliyopoa. Akalishusha.

Lilikuwa jepesi hadi nikadhani lina kasoro. Nyuzi zilikuwa juu mno, nikaomba bisibisi, nikazishusha mwenyewe pale kaunta huku yeye akinung'unika kwamba nikiliharibu ni langu. Shingo ilienea kiganjani, kidole gumba kikapata pa kupumzika. Nikaunga waya kwenye spika yake ndogo, nikapiga mapigo yangu ya kawaida, yale ya kila Jumapili.

Lilisikika kama kijiko kwenye bilauri. Kavu, fupi, kali. Halikuwa zuri. Mtu akikaa nalo peke yake chumbani angelichukia, na ndiyo maana wale wawili walilirudisha: walilipiga peke yao vyumbani. Kila nota ilitoka imenyooka, ikakatika nilipoikata, haikuacha mkia. Kidole kilipokosea pia lilinisema, waziwazi, mbele ya mwenye duka. Gitaa lile jekundu lilifunika makosa yangu yote kama mama mkwe mwenye aibu. Hili halikuwa na huruma.

"Umeona?" mama mwenye duka akasema, kashika sikio. "Kelele."

"Naona, mama. Ndiyo maana nalitaka. Unaweza kupokea hili jekundu tubadilishane?"

Akalipima kwa mikono miwili, akagonga vanishi kwa kucha. "Hili zuri. Zito. Watu wanapenda kitu kizito."

Nikampigia simu kiongozi, maana gitaa lilikuwa la bendi. Nikamweleza. Nyuma yake nilisikia kelele za watoto na redio. "Badilisha tu, binti," akasema, "mradi lipige." Nikatoka pale naruka madimbwi, gitaa begani kama mwavuli.

Jumapili tukapanda jukwaani kwa bonanza. Baa ilijaa, watu wametoka makanisani na wengine kwenye mpira, wamechanganyika na nyama choma. Mpiga solo aliliona gitaa langu, akainua miwani kidogo. "Hiyo ni nini? Ubao wa chapati?"

Nikaunga waya. Wimbo wa kwanza ulianza taratibu. Ulipofika sehemu ya mwisho, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanashika usukani, nikaingia.

Nilijisikia. Kwanza nilishtuka, kama mtu aliyeita kwenye nyumba aliyodhani ni tupu akaitikiwa. Mapigo yangu yalipenya juu ya besi, chini ya solo, yakapita katikati ya tumba kama mtu anayejua vichochoro. Mpiga besi akanigeukia, safari hii anacheka. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa na chupa zao wakainuka bila kuombwa. Halafu meza ya nyuma. Mmoja wa wale wanawake akaja hadi mbele ya jukwaa, akanielekezea kidole, akacheza akinitazama mimi.

Mpiga solo akaanza kunipa ishara ya kiganja: shusha. Sikushusha. Akaongeza sauti ya gitaa lake. Kiongozi akatoa tarumbeta mdomoni akampa yeye ishara ileile: shusha wewe. Akajifanya hakuona. Akazidi kuongeza, na kadiri alivyoongeza ndivyo yalivyosikika mambo ambayo hatukuwa tumeyasikia wiki zote zile: nota zilizochelewa, nota zilizorukwa, na zile alizozivutavuta kwa uchungu mwingi kwa sababu alikuwa amesahau inayofuata.

Tulipopumzika alinifuata nyuma ya jukwaa, kwenye makreti ya soda. Bendi nzima ilikuwepo.

"Hilo gitaa lirudi dukani leo," akasema. "Linachoma masikio. Linanifunika."

"Linanifanya nisikike, kaka."

"Nani kakwambia usikike? Ndiyo maana nilikuchagulia lile!"

Nadhani hata yeye alilisikia neno lake likianguka. Kiongozi, aliyekuwa anafuta tarumbeta, akainua kichwa.

"Kwa hiyo ulijua?" akauliza taratibu. "Ulijua halitasikika?"

Mtu mwenye akili angekana. Yeye akaanza kutufundisha. "Mzee, muziki una mpangilio. Solo ni baba mwenye nyumba. Gitaa la kati ni mke. Mke yupo, kazi yake inaonekana, chakula kipo mezani, lakini sauti yake haitakiwi isikike sebuleni. Ni toni hiyo. Ni elimu."

Mpiga tumba, aliyevunja gitaa langu la kwanza kwa makalio yake, ndiye aliyeguna kwanza. Nikamwambia mpiga solo, "Kaka, kama lazima mimi ninyamaze ndipo wewe usikike, basi huna unachopiga."

Alisema kichwa kinamuuma, akafungasha. Tulimaliza bonanza bila yeye, tarumbeta ikaimba pale solo ilipotakiwa, na watu walicheza vizuri tu.

Alirudi mazoezini na gitaa jipya. La manjano, bapa, jepesi. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta mfano wa langu, na alilivaa bila haya yoyote, akatueleza kwamba toni ya kisasa ni kavu, kwamba yeye alikuwa ameligundua hilo zamani ila alitungojea tukue. Akaliunga. Tukaanza. Ilikuwa kama majogoo wawili banda moja. Na gitaa lile, kama nilivyosema, halina huruma. Halikumsaidia kuvuta nota, halikumfunikia mahali alipopotea. Lilimwanika. Alijitahidi wimbo mmoja, akajitahidi wa pili, jasho likapita chini ya miwani. Hakuna aliyemcheka. Mimi nilitaka kucheka na sikuweza, na hilo nalo lilinikera.

Mwezi haukuisha akapata kazi ya peke yake kwenye hoteli moja ng'ambo, Kigamboni. Alituaga kwenye WhatsApp kwa sauti ndefu. Sikuifungua. Kwa muda nilipiga mimi gitaa la kati na vipande vya solo pia, na nikagundua kwamba solo si fumbo kama tulivyoambiwa miaka yote. Unajifunza mahali pa kuingia, unaingia, unatoka kabla hujachosha watu. Baadaye tukampata mpiga solo mwingine, mwanamume mkimya ambaye hajawahi kuniuliza gitaa langu ni la mbao gani.

Nilimwona yule wa zamani mara moja tu baada ya hapo. Shangazi yangu alikuja kutoka Masasi, akataka apandishwe kivuko pale Magogoni, aione bahari kwa karibu, kisha anywe soda mahali wanapokunywa wageni. Nikampeleka. Tukavuka hadi Kigamboni, tukakaa kwenye bustani ya hoteli. Jukwaani, kwenye kiti kirefu, alikuwa yeye, na gitaa jekundu la kahawia, nene, linang'aa. Sijui kama ni lilelile. Hapakuwa na besi, hapakuwa na tumba, hapakuwa na mtu katikati. Wageni walikuwa wanakula pweza na kutazama simu zao. Akapiga wimbo wa taratibu, macho kafumba, na ile sauti ya mviringo ikajaa bustani nzima bila kugongana na mtu.

Alipiga vizuri. Nimekaa muda mrefu nikitafuta namna ya kuandika kwamba alipiga vibaya, nimeikosa.

"Kijana huyu anajua," shangazi akasema.

"Anajua," nikamwambia. "Akiwa peke yake."

"Si ndiyo vizuri, hasumbui mtu," shangazi akasema, akamwita mhudumu aulize kama wana mihogo ya kukaanga.